Kutu Chini ya Kamioneti

Wengi wanatuuliza juu ya nini kamioneti ya shule haibebi tena watu. Shasi imeoza. Fundi aliigonga na nyundo, nyundo ikaingia sawa mu mkate. Aliyetuuzia alipaka rangi nyeusi juu ya kutu, na sisi tulisifu ile rangi!

Hatuko peke yetu. Kule Marekani wenye pikapu za Toyota Tacoma walilalamika miaka mingi. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili theluji iyeyuke. Maji ya chumvi yanaingia katika vyuma vya shasi, ambavyo viko wazi ndani sawa bomba, yanakaa mule, kutu inakula toka ndani. Kwa macho huoni kitu. Mwaka 2008 kampuni ilikubali kununua tena zile za 1995 hadi 2000 zilizooza sana, kwa mara moja na nusu ya bei yake. Wenye zile za nyuma yake wakashitaki. Mwaka 2016 kukawa mapatano juu ya gari karibu milioni 1.5, zitazamwe, na zilizooza zibadilishiwe shasi.

Yetu nayo ilitumika kwanza Ulaya, mu theluji. Lakini tumshitaki nani? Karatasi ya kuuziana haina hata jina kamili.

Wanaosema korali ipande tu, kwani si mbali, wapige kwanza magoti chini yake watazame. Sisi tulitazama. Jumamosi tutaenda kwa miguu, saa kumi na moja asubuhi, kila mtu na chakula chake.