Vidonge vya Senge

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mpenzi msomaji, methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata nyumbani kwetu, si mbali na soko la Mumias, nilipokuwa kidato cha pili.

Senge, dada mkubwa wa baba, alikuwa mwuza vitumbua. Alikuwa mwanamke mcheshi, wa kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Kisha tumbo lake likaanza kufura. Akila matonge mawili tu, ameshiba. Haja ndogo ikawa haimpi nafasi. Majirani wakanong'ona. "Ati ana mimba, na umri ule!" Wengine wakasema karogwa. Yeye alinyamaza tu, akajifunga leso pana zaidi. Alimeza dawa za minyoo, akameza za vidonda vya tumbo, wapi! Miezi ikapita. Hatimaye baba alimpeleka hospitali ya rufaa huko Eldoret, na jibu likaja: saratani ya ovari, yaani vile vifuko viwili vinavyotunza mayai ya mwanamke.

Alipasuliwa, ovari zikatolewa, akatiwa dawa za mishipani hata nywele zikampukutika zote. Akapata nafuu. Ugonjwa uliporudi baadaye, daktari alieleza kuwa saratani yake ni ya aina inayosikia homoni. Akampa vidonge vya letrozoli, kimoja kila siku.

Hapo ndipo balaa ilipozuka. Mtu fulani aliisoma ile karatasi ya dawa akaona neno homoni. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unasema kuwa Senge anameza vidonge vya kupanga uzazi, naye ni nyanya mwenye wajukuu sita! Siku moja nikifagia chumba chake, nilikuta vidonge vya wiki mbili vimefungwa kwenye kitambaa chini ya godoro.

"Mwanangu," akaniambia huku amenishika mkono, "usimwambie baba yako."

Nikaahidi. Siku nne nilitembea na siri hiyo kama mtu aliyebeba kaa la moto kiganjani. Siku ya tano nilimwendea mwalimu wetu wa Baiolojia. Sikumtaja Senge. Niliuliza tu: hivi homoni na saratani zina uhusiano gani?

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Senge ameketi chini ya murembe wetu. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na mti ulikuwa umedondosha majani ukiwa tayari kutoa maua yake mekundu. Nikamwonyesha yale majani.

"Senge, seli za mwili nazo hudondoka hivi. Tumboni mwa mama, vidole vya mtoto huwa vimeunganishwa kama mguu wa bata. Seli za katikati hujiua zenyewe, ndipo vidole vikaachana. Seli iliyochoka au kuharibika hujikatakata kwa ndani, na jirani zake huvila vipande bila fujo. Mwaka wa 1972 watafiti watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliuita ufaji huo apoptosisi, neno la Kigiriki la kudondoka kwa majani."

"Kwa hiyo hizi zangu zimesahau kufa?"

"Zimekataa, Senge."

"Kaidi kama baba yako," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikasikia kile kicheko.

Nikamweleza kuwa homoni ni mjumbe anayepita katika damu. Seli yenye kipokezi cha estrojeni humfungulia mlango, naye huiambia, "Kua, gawanyika." Hata ovari zikishatolewa, mwili bado hutengeneza estrojeni kidogo, hasa katika mafuta. Letrozoli huzuia utengenezaji huo. Dawa nyingine, tamoksifeni, hukikalia kile kipokezi, mjumbe akifika akute kiti kina mtu. Seli zilizozoea kusukumwa na homoni hukosa nguvu, na baadhi yake hurudia ile njia ya majani.

"Na maneno ya watu?" akauliza.

Nikamwambia kuwa vidonge vyake si vya kupanga uzazi hata kidogo. Na hata hivyo vinavyosemwa vibaya, wanawake waliowahi kuvimeza hupatwa na saratani ya ovari kwa nadra kuliko wasiovimeza. Mwaka wa 1998 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa kima waliopewa projestini, homoni iliyomo katika vidonge hivyo, seli za juu ya ovari zao zilijiua kwa wingi zaidi. Nikamkumbusha pia Profesa Wangari Maathai, ambaye shahada yake ya uzamifu ya mwaka wa 1971 ilitokana na uchunguzi wa tezi za uzazi za ng'ombe. Saratani ya ovari ndiyo iliyomwua Septemba 2011. Je, nani atasema alikuwa na la kuonea aibu?

Senge alinyamaza kitambo. "Nitapona?"

Sikuweza kumdanganya. Mwalimu alikuwa ameniambia kuwa si kila saratani ya ovari husikia homoni, na nyingine hujifunza kuishi bila hiyo. "Sijui, Senge. Lakini chini ya godoro havitakusaidia."

Akaniagiza maji. Akameza kimoja mbele yangu, na jioni akamweleza baba mwenyewe.

Senge aliishi mwaka mmoja na miezi minane baada ya siku hiyo, na miezi mingi kati ya hiyo aliuza vitumbua. Tulimzika karibu na ule murembe. Sitasema vidonge vilishindwa. Ila zile siku nne nilizonyamaza bado zinanikera, na ile miezi ya leso pana hunikera zaidi.

Basi wenzangu, mama au nyanya akifura tumbo wiki baada ya wiki na kushiba kwa matonge mawili, msingoje majirani wamalize kusema. Mpelekeni hospitali. Na mkikuta dawa chini ya godoro, tafadhali, msiahidi kunyamaza.