Sekunde Ishirini za Hali ya Hewa

Mimi leo sina siasa. Nataka tuongelee kile kipande cha mwisho cha taarifa ya habari, kile ambacho kikianza tu watu wanainuka kwenda kunawa mikono. Hali ya hewa.

Pale chumba cha habari ninapofanyia kazi, hapa Mwanza, kipande hicho kinapewa sekunde 20. Siasa ikirefuka, kinabaki na kumi. Na msimu wa mvua sentensi huwa ni ileile: mwishoni mwa wiki kutakuwa na mvua zinazoambatana na ngurumo za radi katika ukanda wa Ziwa Victoria na nyanda za juu kaskazini mashariki. Kisha muziki. Kwisha habari.

Sasa mimi sentensi hiyo inanigusa mara mbili. Naishi kando ya ziwa, lakini nimezaliwa Moshi, na mdogo wangu ni "mgumu", yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Akipata safari msimu wa mvua lazima anipigie simu. Swali lake ni moja tu: "Kaka, huko juu itaanguka?" Hasemi nini itaanguka. Anajua nitaelewa kuwa ni theluji.

Utabiri wa redioni haumjibu, kwa sababu umesema "mvua" basi. Lakini hesabu yake si ngumu. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6 hivi. Moshi mjini ni chini kidogo ya mita 1,000, kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa hiyo siku ambayo wana Moshi wanalalamikia joto la nyuzi 28, kule juu ni chini ya sifuri. Wingu linalomwaga mvua kwenye migomba ndilo linalomwaga theluji Kibo. Mgeni ana koti zito na viatu vya maana. Mgumu ana mzigo wa kilo 20, na mara nyingi nguo zake ni za mtumba. Zikishalowa njiani, baridi ya usiku haimwachi. Huyo anahitaji kujua kabla hajavuka geti, ili abebe nguo kavu ya pili.

Nije ziwani. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda pwani, na ngurumo za alasiri tunazipata sisi huku. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote kuelekea katikati. Unakutana huko, hewa yenye unyevu inapanda juu, na kabla ya alfajiri tayari ni mawingu makubwa ya radi. Hewa baridi ikiporomoka kutoka kwenye mawingu hayo, mawimbi yanainuka ghafla.

Na nani yuko katikati ya ziwa saa hizo? Mvuvi wa dagaa, na taa yake. Dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Ukimwambia "wikiendi kutakuwa na ngurumo" hujamwambia kitu. Mwambie saa ngapi, na upande gani wa ziwa.

Tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa Jumapili. Hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 wakapona. Waliofika mwanzo kuokoa ni wavuvi, na mitumbwi yao. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili tena, mvua kubwa iliporomosha matope kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba sekunde kumi za ziada zingezuia hayo. Nasema mwisho wa wiki mawingu hayapumziki.

Tena Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mengi kuliko hayo tunayosoma: taarifa za siku 5 mbele, zenye angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, pamoja na athari zinazoweza kutokea. Tunaokata ni sisi wa vyombo vya habari.

Juzi nikamfuata mhariri wetu. Akaniambia, "Bwana mdogo, hali ya hewa haiuzi." Nikamjibu, "Mzee, habari nyingine zote tunazisoma watu wakishaumia. Hii peke yake tunaisoma kabla." Akacheka, akaniongezea sekunde kumi.

Kumi hizo nimeziandikia hivi: Mvuvi, ukiona umeme, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Usingoje mvua ikuguse, rudi nchi kavu.

Mdogo wangu anapanda kesho. Nimemwambia abebe soksi tatu na nailoni ya kufunikia nguo kavu. Nanyi wenye ndugu ziwani au mlimani wikiendi hii, wapigieni leo, kabla hawajaondoka.