Kimali: Shamba la Chakula Lisiuzwe

Ukitoka Bariadi kuelekea Meatu wakati wa kiangazi, utadhani nchi yote imelala. Udongo mweusi wa mbuga umepasuka, na ng'ombe wanakwenda kwa safu kutafuta maji. Sisi akina mama wa kanisa tulifika Kimali, kata ya wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, tukiwa na mbegu za mboga na mizani ya kupimia watoto.

"Mwangaluka!" walitusalimu wenyeji wetu, wakatukaribisha ugali wa mtama na mlenda, kisha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Chakula chote kilitoka katika mashamba yao. Lakini mashamba hayo yanapungua. Baba huwagawia wana wake, pamba huchukua sehemu, mifugo huchukua nyingine, na shida ikiingia nyumbani, kipande huuzwa.

Hatusemi pamba ni mbaya, kwani imesomesha watoto wengi. Ila fedha ya pamba huja kwa msimu, na mtoto hula kila siku. Sisi tunaofanya kazi kliniki tunawajua watoto ambao uzito wao hushuka ghala linapokuwa tupu kabla ya mavuno. Dawa yao haimo kabatini mwetu, imo shambani.

Mama mmoja mjane alitusimulia kwamba baada ya mazishi ya mumewe, shemeji zake walitaka kukodisha shamba la mtama analolishia watoto wanne. Hakuwa na karatasi yoyote. Tulipoondoka, shauri lake lilikuwa bado halijaamuliwa.

Wasukuma wanajua kuhifadhi ardhi tangu zamani. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, ili mifugo isife njaa. Meatu ilipokuwa bado katika mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo. Ngitili zilizojulikana mkoani wakati huo zilikuwa takribani hekta 600 tu; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Ikiwa tumeweza kuwawekea ng'ombe akiba, je, watoto wetu tutawaacha?

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo mwanakijiji anaweza kupewa bila ukomo wa miaka, na mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja. Mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu ni wanawake.

Hata hivyo, hati peke yake haizuii njaa, wala haimzuii mwenye shida kutaka kuuza. Ndiyo maana kijiji nacho kinahitaji mpango wa matumizi ya ardhi, unaotenga eneo la kilimo, la malisho na la makazi, na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mama asipohudhuria mkutano huo, shamba lake litapangwa na wengine.

Mama mpendwa, kumbuka binti za Selofehadi katika kitabu cha Hesabu. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa na wakuu na mkutano wote kudai urithi, na Bwana akawapa haki. Leo jioni zungumza na mumewe nyumba yako kwa upole: shamba gani ni la chakula, na jina lako limeandikwa wapi? Ulizeni mapema, mkiwa wote wawili hai na wenye amani. Nasi tunaomba mumwombee yule mjane wa Kimali.