Geuza Mkono Wako Kwanza

Kidia, Old Moshi
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

  Baridi ya mwaka huu imekaza, mlima haujaonekana siku nne, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Picha uliyonitumia niliipata Alhamisi jioni: ile maski nyeupe inayowaka mwanga mwekundu kwa ndani, ya laki sita na themanini. Ukaandika, "Shangazi, wewe ulikuwa muuguzi, niambie ukweli. Ninunue?" Sikutaka kukujibu kwa maneno mawili ya simu. Na lile la kikao cha send-off ya mdogo wako, yule mtu aliyekuuliza kama wewe ni mama mdogo wa bibi harusi, najua liliuma. Mwanamke wa miaka 38 akiambiwa hivyo mbele ya watu hulala nalo. Sitakuambia upuuze, maana hata mimi nisingepuuza.

Kwanza fanya jambo moja. Simama dirishani mchana, uvae blauzi isiyo na mikono. Tazama mgongo wa kiganja chako, kisha geuza mkono utazame ngozi ya ndani, huku juu karibu na kwapa. Ngozi hizo mbili zimezaliwa siku moja. Mimi nina miaka 67. Mgongo wa kiganja changu una madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nikiifinya ngozi inabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi mahali pake. Ile ya ndani bado ni laini na rangi yake ni moja. Umri ni uleule. Kilichozitofautisha ni jua.

Kuna picha niliyoonyeshwa wakati bado nauguza, sijaisahau. Ilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la Marekani: dereva wa lori mwenye miaka 69, aliyekuwa ameendesha miaka 28. Shavu lake la kushoto, la upande wa dirisha, lilikuwa limekunjamana na kulegea kama la mtu mwingine aliyemzidi umri kwa miaka mingi. La kulia lilikuwa la kawaida. Kioo cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale inayobabua, lakini ile inayozama ndani ya ngozi hupita na kuvunja kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Kwao dereva hukaa kushoto, kwetu hukaa kulia. Wewe huko Dar unakaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro asubuhi na jioni. Tazama shavu lako la kulia na mkono wa kulia, kisha uniambie unaona nini.

Bibi yako alifariki mwaka uliozaliwa, kwa hiyo unamjua kwa picha tu. Uso wake ulikuwa na sehemu mbili. Kutwa nzima akiwa kihambani alikuwa kivulini: juu migrevilea, chini migomba, chini kabisa kahawa, na jua likifika limekatwakatwa kama kitambaa. Lakini ulipofika msimu wa mahindi aliteremka shambani kule tambarare alfajiri na kupanda jua likizama, kanga kichwani, paji la uso na mashavu wazi. Kisha alibeba majani ya ng'ombe. Kidevu chake na shingo chini ya kidevu vilibaki vya msichana mpaka alipoondoka, na mashavu yake yalikuwa ya kizee akiwa na miaka 45. Watu husema huku juu hakuna jua kwa sababu kuna baridi. Baridi hiyo inadanganya: ukipanda mita 1,000, miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Ndiyo maana wapagazi wanaoshuka kutoka Kibo wakiwa na midomo iliyopasuka na pua zilizobabuka ni watoto weusi wa hapahapa, si wageni peke yao.

Kuna kitu kingine nilichokiona kwa mama yangu, huyohuyo bibi yako, nami nataka ukikumbuke ukisikia mtu akisema taa ni taa. Miezi ya Juni hadi Agosti alikaa jikoni, miguu karibu na mafiga matatu. Mbele ya miguu yake, kuanzia gotini kushuka chini, kulikuwa na michoro ya kahawia kama wavu wa kuvulia samaki. Nikiwa mtoto niliisugua kwa dodoki nikidhani ni masizi. Haikutoka. Miaka mingi baadaye nilipoanza kazi ndipo nikafundishwa kwamba ni joto. Ngozi ikipashwa moto kila siku, hata bila kuungua, huchorwa hivyo na huzeeka mahali pale.

Nakuambia hayo kwa sababu mwaka jana jirani yetu mmoja alisikia habari za mwanga mwekundu, akaenda bandani akachomoa ile taa nyekundu ya vifaranga, akaifunga kwenye kiti na kukaa nayo usoni kila usiku. Taa ile ni ya kutoa joto, ndiyo kazi yake, na kifaranga hakijali mikunjo. Wiki ya tatu mashavu yake yalikuwa yameiva na madoa aliyokuwa nayo yamekolea. Nilimwambia aiache akaiacha, lakini madoa yale hayajarudi yalivyokuwa. Tafadhali usije ukadhani unaweza kuokoa pesa kwa njia hiyo.

Hiyo maski yako ni kitu tofauti, na sitakuambia ni utapeli. Mwanga kama dawa ya ngozi una historia ya heshima. Niels Finsen, daktari wa Denmaki, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, ugonjwa uliokuwa unakula nyuso za watu. Yeye huyohuyo aliwahi kupendekeza wagonjwa wa ndui walazwe kwenye vyumba vyenye mapazia mekundu ili makovu yapungue. Halafu mwaka 1967 Endre Mester wa Hungaria alikuwa anamulika panya walionyolewa manyoya kwa leza nyekundu, akitaka kujua kama italeta saratani. Saratani haikuja, ila manyoya yaliota haraka zaidi pale alipomulika. Tangu hapo watu hawajaacha kuuliza mwanga huo unafanya nini.

Jinsi inavyoelezwa ni hivi. Mwanga mwekundu wa nanomita kama 630 hadi 660, na ule unaofuata usioonekana wa karibu 830, hupenya ngozi zaidi ya rangi nyingine bila kuibabua. Ndani ya seli kuna vijiwanda vidogo vinavyotengeneza nguvu, vinaitwa mitokondria, na inaaminika kwamba mwanga huo unavisukuma vifanye kazi zaidi. Seli zinazotengeneza kolajeni zikipata nguvu hiyo hutengeneza zaidi kidogo. Mwanga huo hautoboi, hauchubui, hauna mionzi ya eksirei.

Mwaka 2014 Wajerumani walichapisha jaribio la watu 136, ambapo 113 walimulikwa mara mbili kwa wiki mpaka mara 30, na 23 hawakumulikwa. Waliomulikwa walionekana kuwa na mikunjo midogo iliyopungua, ngozi laini zaidi, na kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha kolajeni imeongezeka. Hilo ni jambo la kweli. Lakini soma vizuri: walilala kwenye vitanda vikubwa vya taa, hawakuvaa maski, na wale 23 hawakupewa hata taa ya kuigiza, kwa hiyo kila mtu alijua yuko upande gani. Na hesabu mwenyewe: mara 30, mbili kwa wiki, ni wiki 15. Ukianza Septemba mosi unamaliza katikati ya Desemba, wiki ambayo sote tunapanda nyumbani. Ukikosa wiki mbili kwa kazi za benki, Krismasi imekukuta njiani.

Linalonigusa zaidi ni ngozi yetu. Majaribio mengi ya mwanga huu yamefanywa kwa Wazungu, na uzee wao huanza kwa mikunjo midogo pembeni mwa macho. Wetu hauanzi hivyo. Melanini imetulinda, mikunjo huchelewa. Kwetu huanza madoa, rangi kutofautiana, weusi kuzunguka mdomo, mashavu kushuka. Watafiti wa Marekani walipopandisha kiasi cha mwanga mwekundu hatua kwa hatua waliona watu wa ngozi nyeusi hufika kikomo mapema: malengelenge na weusi hutokea kwa kipimo ambacho weupe bado wanakivumilia. Vipimo vyao vilikuwa vikubwa kuliko vya maski ya nyumbani, kwa hiyo usitishike. Lakini mwenye tatizo la madoa, kama wewe, hapaswi kufikiri kwamba dakika nyingi ni faida nyingi.

Na vile vidutu vyeusi ulivyonionyesha mashavuni, mwanangu, havihusiani na kuzeeka vibaya. Ni urithi. Bibi yako alikuwa navyo, mimi ninavyo, baba yako anavyo pembeni mwa macho. Havina madhara na taa hiyo haitaving'oa hata ukiivaa miaka kumi. Vikikukera, daktari wa ngozi huvichoma kwa kifaa cha umeme kimoja kimoja. Usimruhusu mtu wa saluni avikate.

Sasa naomba uniruhusu kusema la ndani. Kuna krimu ulikuwa unapaka ulipokuwa chuo, sote tuliona ukirudi na uso mweupe na vidole vyeusi. Sikusema kitu wakati ule na nimejilaumu. Nimeshika mikono ya wanawake waliotumia mkorogo miaka 15, ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, nyuzi za mshono hazishiki. Zebaki, haidrokwinoni, dawa za steroidi zinazouzwa kama vipodozi, vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini na bado vinapita kwa mlango wa nyuma. Kama bado kuna kopo lolote kabatini, hakuna taa duniani itakayotengeneza upande huu huku kopo linabomoa upande ule. Nakuuliza kwa upendo, nijibu ukweli, wala sitamwambia mama yako.

Uamuzi wangu ni huu: usinunue sasa. Chukua sehemu ya hizo laki sita uende kwa daktari wa ngozi. Wako wengi kuliko zamani, na wengi wao, pamoja na wa nchi jirani, wamesomea hapa chini kwetu, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Kituo hichohicho ndicho kilichotengeneza Kilisun, mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Nimewaona watoto wa ualbino waliopata mafuta, kofia na mikono mirefu tangu wadogo, na nimewaona wale ambao hawakupata. Ukishaona nyuso hizo mbili huhitaji mtu akueleze jua ni nini.

Wewe tafuta mafuta ya kuzuia jua yenye rangi, yale yaliyowekwa oksidi ya chuma, kwa sababu madoa ya watu weusi huchochewa hata na mwanga unaoonekana. SPF 30 inatosha. Yakamulie juu ya vidole viwili, kuanzia shinani hadi nchani, hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Watu wengi hupaka pungufu ya hapo kisha husema hayafanyi kazi. Muulize daktari kuhusu tretinoini ya usiku, hiyo ina ushahidi mkubwa kuliko taa, ila usiiguse kama unatarajia mtoto.

Ukifanya hivyo mpaka Desemba na moyo bado unaitaka maski, nitakuchangia mwenyewe. Tutaangalia pamoja kama wameandika nanomita na nguvu yake, kama inafunika macho vizuri. Mwaka 2019 kuna maski ya taa iliyoondolewa sokoni na kampuni yake kwa hofu ya kudhuru macho. Utaanza kwa dakika chache, doa likikolea utaacha siku hiyohiyo. Utapiga picha ya uso wako kabla, dirishani, saa nne asubuhi, na nyingine kila mwezi mahali palepale, maana kioo hubembeleza na hukatisha tamaa kwa zamu.

Jana nilishuka Kiboriloni. Kwenye mitumba nimekupatia kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, ya buluu, haijavaliwa hata kidogo, kwa shilingi elfu sita. Nimeiweka kwenye boksi pamoja na ndizi mshare na parachichi nane, nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Lipokee boksi Shekilango saa kumi na mbili jioni. Parachichi hazijaiva, zifunge kwenye gazeti.

Wasalimie watoto, na umwambie baba yako ndama tumempa jina la mama.

Ni mimi shangazi yako