Omba, Kisha Andika



Sisi wauguzi hufundishwa chuoni kwamba jambo lisiloandikwa kwenye faili la mgonjwa ni kama halikufanyika. Unaweza kumhudumia mtu usiku kucha, lakini mwenzako wa zamu ya asubuhi atajuaje asiposoma? Kanuni hiyo ndiyo iliyomsaidia mwanangu wa mwisho kubaki shuleni.

Mwanangu ana usonji. Alipofika miaka miwili alikuwa haitiki jina lake wala haonyeshi kitu kwa kidole, na maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea. Tulianza kwa kumpima masikio, tukaambiwa ni mazima. Mwaka 2021, akiwa na miaka minne, madaktari wa Muhimbili walitupa jibu kamili. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Hauletwi na chanjo, wala malezi mabaya, wala laana ya ukoo. Mama mmoja kanisani aliponiuliza kwa upole ni dhambi gani imejificha nyumbani kwetu, nilimkumbusha Yohana sura ya 9. Wanafunzi waliuliza swali hilohilo juu ya yule kipofu, na Bwana hakumlaumu yeye wala wazazi wake.

Katika darasa la awali alipata mwalimu mwenye moyo. Alimkalisha mbele, mbali na dirisha, akampa picha za kuonyesha anachotaka: maji, choo, kupumzika. Kengele ilipokaribia kulia, alimwambia mapema azibe masikio. Yote hayo yalikuwa makubaliano ya mdomo. Januari 2023 mtoto akaingia darasa la kwanza, na mwalimu yule akahamishiwa wilaya nyingine. Msaada wote ukaondoka naye. Ndani ya wiki mbili mtoto alirudishwa nyumbani mara tatu, mara moja akiwa na alama za fimbo kwa kuwa eti ana kiburi, akiulizwa hajibu. Tukaambiwa tumlete tena akishaacha kupiga kelele.

Baba yake alitaka tumtoe kabisa. Nilimwelewa. Nani anapenda kumpeleka mtoto mahali asipotakiwa? Lakini shule binafsi yenye walimu wa elimu maalumu ilikuwa mbali, na ada yake ilizidi uwezo wetu. Usiku ule tuliomba pamoja. Asubuhi nikachukua kalamu.

Si kuomba huruma

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wenzake, pamoja na msaada anaouhitaji ili asome. Kwa hiyo barua yangu haikuwa ya kuomba huruma. Nilieleza mtoto ni nani, daktari amesema nini, kimetokea nini na tarehe ngapi. Kisha nikaomba mambo mawili: mahitaji yake ya kielimu yapimwe, na msaada atakaopewa uandikwe. Niliambatanisha taarifa ya daktari. Barua ilikwenda kwa mwalimu mkuu, na nakala kwa Afisa Elimu Kata na kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Kila ofisi niliomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua yenye muhuri haipotei kirahisi.

Wiki tatu zikapita kimya. Nikaenda halmashauri nikitoka zamu ya usiku, na sare yangu mwilini. Nikaambiwa nirudi, nikarudi. Yule mjane wa Luka 18 hakuwa na fedha wala mtu wa kumsemea. Alichokuwa nacho ni kutochoka kwenda. Safari ya nne, afisa alikuja shuleni mwenyewe, akakaa darasani asubuhi nzima akimtazama mtoto.

Karatasi moja

Kwenye kikao, mwalimu wa darasa alisema ana watoto 90 peke yake. Alisema kweli. Naye alihitaji kusaidiwa, si kushtakiwa. Tukaandika mpango wa mtoto katika karatasi moja: akae mbele, ratiba ya siku ibandikwe ukutani kwa picha, aambiwe kabla ya kengele, akizidiwa na kelele apewe dakika kumi za kutulia, asichapwe kwa kutojibu, na kila Jumatano mwalimu aliyesomea elimu maalumu Patandi, Arusha, aje kutoka shule ya jirani. Mpango utazamwe upya kila muhula. Wote tukatia saini, nasi tukapewa nakala.

Tangu hapo walimu wa darasa wamebadilika mara mbili. Kila mgeni hukabidhiwa karatasi ile, kama sisi tunavyokabidhiana wagonjwa. Kuna Jumatano ambazo mwalimu hafiki, nami huandika tena. Mwanangu bado ni wa maneno machache, lakini anasoma majina ya mabasi yote ya stendi.

Mama mwenzangu, mwone daktari mapema, na tunza kila karatasi. Afisa wa elimu maalumu yupo kwa ajili yako; mwendee. Akikushauri kitengo maalumu, kama kile cha watoto wenye usonji cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, usione aibu. Hiyo nayo ni shule.

Nanyi akina mama wa umoja wetu, msiishie kumpa mama wa namna hii pole. Mshikieni mtoto aandike barua. Msindikizeni halmashauri, maana mlango unaombeza mama mmoja huwasikia watatu. Mungu aliyewaumba watoto hawa awape walimu wao subira, na sisi miguu isiyochoka. Amina.