Tulivuka Ziwa kwa Ajili ya Wimbo

Tangu turudi, wengi wanatuuliza tulikuwa wapi siku tisa zote, na wengine wamekwisha kujijibu wenyewe: wamama wanane wa shirika wamekwenda Tanzania kununua vikwembe. Vikwembe tulinunua, hatukatai. Lakini hatukuvuka kwa ajili ya vikwembe. Tulivuka kwenda kuona kwaya ikiimba.

Huku kwetu Ubwari ng'ambo si neno la mbali. Watu wa miji mikubwa wakisema ng'ambo wanawaza ndege na Ulaya. Sisi tunawaza milima ya upande wa pili wa ziwa, ile inayojitokeza asubuhi mvua ikiisha kunyesha. Mwingereza Burton alipopita hapa pamoja na Speke mwaka 1858, aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Si kisiwa, lakini hatumlaumu sana. Anayekuja kwa mtumbwi haoni pale tulipoungana na nchi kavu, na hata sisi wenyewe safari zetu nyingi, iwe ni kwenda soko la Baraka au kupeleka mgonjwa, zinaanza na mtumbwi.

Kwaya yenyewe wengi wenu mnaijua kwa sauti. Ni kwaya ya watoto wa kwetu walio kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Jina lake hatuliandiki kwa sababu waimbaji walituomba hivyo, na sababu zao tunaziheshimu. Nyimbo zao zilitufikia kwa kadi za memori, kutoka simu hadi simu, mpaka zikawa zinapigwa sokoni, harusini na kwenye matanga. Kuna ule wimbo wa mama aliyeacha chungu juu ya mafiga, moto ukiwaka, akakimbilia ufukweni na watoto. Hakuna mama wa umri wetu huku Fizi anayeusikia wimbo ule akaendelea kutwanga kama hajasikia kitu. Wengine tuliacha sombe. Mmoja wetu anasema yeye aliacha mikeke miwili ya kuchoma, na mpaka leo hajasamehe nani aliyeila.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita ilipofika kwetu na boti zikajaa watu. Wengine walirudi mapema. Meli ya Liemba, ile ambayo Wajerumani waliileta vipande vipande wakaiunganisha Kigoma, ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 mwaka 1997. Mweka hazina wetu alikuwa mmoja wao, akiwa amefungwa mgongoni kwa mama yake. Kisha vita ikarudi mwaka 1998, watu wakavuka tena, na wengi wa safari hiyo hawajarudi. Waliokuwa watoto kambini sasa wana watoto. Ndio wanaoimba.

Shauri lilizaliwa siku ya kugawana pesa za AVEC. Mama mmoja alisema: badala ya kila mwaka kununua sufuria, tuweke kando kidogo, mwaka ujao twende tuwaone kwa macho. Tulicheka. Mwaka uliofuata pesa zilikuwepo na kicheko kikaisha, yakaanza maneno. Mama mzima avuke ziwa kwa ajili ya nyimbo? Nani atabaki na watoto? Mume wa mmoja wetu aliuliza kama simu imeharibika. Mwenyekiti wetu alijibu kwamba wanaume wakienda mbali kuangalia mpira hakuna anayeitisha kikao. Maneno hayakuisha, lakini yalipungua sauti.

Tena tuseme ukweli, hofu ilikuwepo. Mnawajua Ambassadors of Christ wa Kigali, hakuna nyumba ambayo haijaimba Kwetu Pazuri. Mwaka 2011 walipata ajali barabarani huko Tanzania, na wenzao wakafariki. Wimbo nao una gharama ya njia. Na sisi njia yetu ni maji yenye kina cha mita 1,470 pale yalipo marefu zaidi.

Kwa wanaotaka kufuata: msiondoke bila karatasi za safari zilizo sawa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ile ya rangi ya njano. Mmoja wetu kadi yake ililiwa na panya, akalazimika kuchanjwa upya na kungoja siku kumi. Wote tukangoja naye. Kuingia kambini nako kunataka kibali, na kibali huombwa mapema. Mkimbizi haruhusiwi kutoka nje ya kambi bila ruhusa, ndiyo maana kwaya haiwezi kuja kwetu. Tungependa tuwaalike Baraka, tuwapikie. Haiwezekani, basi sisi ndio tulioenda.

Tulichagua mwezi wa nane kwa sababu shule zimefungwa na wasichana wakubwa wanaweza kubaki na wadogo. Hapo tulikosea. Majira ya kiangazi upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na kwenda Kigoma kutoka kwetu ni kuelekea kusini. Kapiteni alitungojesha usiku mbili ufukweni. Tulimnung'unikia. Usiku wa tatu upepo ulipotulia tukaondoka, tumekaa juu ya magunia, kila mmoja na jile yake, na kufika katikati ya ziwa tulielewa kwa nini alingoja. Hatukuwa na nguvu ya kuimba, ingawa tulikuwa tumepanga kuimba. Mama wa Kiislamu aliye kati yetu alisoma dua, sisi wengine tukaitikia amina kila alipopumua. Kulipopambazuka tukaona wavuvi wakizima taa zao, na milima mbele. Tangawizi tuliyobeba kwa ajili ya kichefuchefu ilikuwa chini ya magunia yote.

Tulishuka Kibirizi, mwalo wa boti pale Kigoma. Kiswahili ni kimoja na si kimoja. Ndakala zetu wao wanaziita dagaa, mikeke yetu ni migebuka. Vijana walituamkia shikamoo, nasi tukabaki kimya kama hatuna adabu, mpaka mwenye nyumba tuliyofikia akatufundisha kuitikia marahaba. Kwa siku mbili zilizofuata tuliitikia marahaba hata kwa walioturushia jambo. Ila Kigoma si ugeni kamili. Ujiji ina watu wengi ambao babu zao walitoka Manyema, na sokoni mtu ukisema sentensi moja tu anakuuliza: mama, wewe wa Fizi au wa Uvira?

Jioni, mwenye nyumba alipojua kilichotuleta, alituwekea nyimbo za Remmy Ongala. Yule alikuwa mtoto wa Kindu, alizaliwa 1947, akafika Dar es Salaam 1978 kupigia bendi ya mjomba wake, Orchestre Makassy, kisha akawa nguzo ya Super Matimila. Alifariki Dar mwaka 2010, na mpaka leo kituo cha daladala huko Sinza kinaitwa kwa Remmy. Wanaovuka na bunduki huandikwa vitabuni. Che Guevara alivuka ziwa hili kutoka Kigoma kuja upande wetu wa Fizi mwaka 1965, na vitabu vyake vipo. Wanaovuka na gitaa, ni nani anayewaandika? Kituo cha basi si haba.

Kesho yake tulipanda gari la Kasulu, na kutoka Kasulu tukaendelea hadi Makere, ilipo kambi. Tulionyesha kibali, tukahesabiwa wanane, tukaambiwa tuwe tumetoka kabla ya jioni.

Tulitegemea mahema. Tulikuta mji. Nyumba za tofali za udongo, njia, soko, migomba nyuma ya nyumba, na harufu ya mawese kama nyumbani. Watoto waliongea Kibembe kilichochanganyika na Kiswahili cha Tanzania. Wanaijua Ubwari kwa kusimuliwa tu. Mvulana mmoja alituuliza kama ni kweli kwamba kwetu ukisimama sehemu moja unaona maji kulia na kushoto. Tulimwambia ni kweli. Alitutazama kama anayepima kama tunamdanganya.

Kanisa lilikuwa limefagiliwa na kumwagiwa maji. Tulikaa mbele, kwenye mabenchi, tukiwa tumevaa kikwembe kimoja wote wanane. Kwaya ikaingia ikicheza, magitaa mawili, besi, kinanda, na ngoma. Waimbaji kama thelathini. Tulianza kutafuta kwa macho: yule wa sauti ya kwanza ni yupi? Yule msichana anayeanza peke yake kwenye wimbo wa chungu, sauti inayopanda kama moshi. Kila mmoja wetu alikuwa amemchorea uso wake kichwani. Mwenyekiti alisema ni yule mrefu. Mweka hazina akasema hapana, ni yule mwenye kilemba cheupe.

Wimbo ulipofika, aliyesogea mbele ni mtoto wa miaka kama kumi na sita. Akafungua kinywa. Si yeye.

Tuwaambie tulivyojisikia, kwa maana tungeweza kuficha. Tulivunjika moyo. Ziwa lote lile, panya na kadi, siku mbili ufukweni, maneno ya nyumbani, halafu sauti tuliyoifuata haipo. Kiongozi wa kwaya alitueleza baadaye: yule dada amekwisha kwenda Marekani na mume wake na watoto, wamepewa makao huko. Mpiga solo wa kwenye rekodi naye ameondoka. Wa besi amefariki. Wimbo tunaousikia kwenye simu ulirekodiwa zamani kuliko tulivyofikiri. Wanaouimba sasa walijifunza wakiwa watoto wa Sunday school, na majina mengine matatu yako tayari kwenye orodha ya kuondoka.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale pale, katikati ya ubeti wa pili, jenereta ilizima. Kinanda kikakatika, vipaza sauti vikafa. Yule mtoto hakusimama. Wala hakuongeza sauti, aliipunguza, na kanisa zima likanyamaza ili limsikie. Hana ule mpando wa dada yake. Sauti yake ni nzito, ya chini, inakwaruza kidogo. Kwenye simu wimbo ule ni wa mama anayekimbia. Kwa huyu ulikuwa wa mtoto anayeuliza ni chungu gani hicho, kilikuwa na nini ndani. Yeye alizaliwa kambini, chungu hicho hakukiona kamwe. Waimbaji wenzake walipoitikia kwa Kibembe, mahali ambapo rekodi ina kinanda tu, tulisikia maneno ambayo miaka yote hatukujua kuwa yamo. Mama aliyeacha mikeke miwili alisimama akaenda mbele, akamfunga yule mtoto kikwembe chake kiunoni. Kurudi kwenye benchi hakuweza, akabaki pale pale mbele mpaka wimbo ukaisha.

Mama wa Kiislamu alikuwa amesema tangu Baraka kwamba yeye anakuja kama msindikizaji. Ndiye aliyeomba urudiwe.

Baadaye tulikula pamoja, bugali na maharage, na ndakala tulizoleta. Hizo ndakala, wamama, zingefaa kuwa gunia zima. Wazee walizinusa kwanza kabla ya kula. Waimbaji walituuliza habari za watu kwa majina: fulani yupo, nyumba ile imesimama, mwembe wa shuleni bado unazaa? Tulijibu tulichoweza. Mengine tulijibu polepole. Kiongozi wa kwaya alimpigia simu yule dada wa Marekani ili tumsikie, lakini huko ilikuwa bado alfajiri, hakupokea. Saa kumi tukakumbushwa muda, tukatoka.

Tulirekodi. Simu ya katibu wetu ina wimbo mzima tangu jenereta ilipozima, na ndani yake kuna kikohozi cha mweka hazina, mtoto anayelia, na jogoo. Tulivyorudi tuliupiga kwa yeyote aliyetaka kusikia, kwenye boti, sokoni, kwa mume aliyeuliza kama simu imeharibika. Wengi wanasema ule wa zamani ni mzuri zaidi. Labda. Wasichana wetu wanaubishania, na binti wa mwenyekiti ameanza kuimba ile sehemu ya Kibembe akifua.

Anayetaka kuusikia aje Alhamisi kwenye kikao, alete na kadi yake ya memori. Mama wa mikeke anaweka jina lake kwa safari ijayo, kama orodha ya Marekani haitamtangulia yule mtoto. Safari hii hatutakwenda mwezi wa nane.