Kwa Baiskeli hadi Karema

Mkoa wa Katavi, ambao ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, aghalabu husifiwa kwa viboko na nyati wa hifadhi yake, na wageni wengi wanaokuja kuutazama hushuka kwa ndege ndogo, wakapiga picha, wakarudi walikotoka bila ya kujua kwamba upande wa magharibi mkoa huu una pwani yake, na kwamba pwani hiyo ya Ikola na Karema ni ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambalo kwa kina halipitwi duniani ila na Baikal la Urusi. Nilikuwa na raghba ya siku nyingi ya kuifikia pwani hiyo kwa baiskeli badala ya basi, kwa sababu abiria wa basi huonyeshwa nchi na dirisha, na dirisha lenyewe katika njia ya Karema huwa limevaa vumbi tangu nusu saa ya kwanza.

Watu wa Norwei, ambao pwani yao imechanikachanika kwa hori za bahari zilizochimbwa na barafu ya kale, wameifanya safari ya namna hii kuwa starehe yenye taratibu zake: serikali yao imeteua njia 18 za mandhari, na mojawapo, Barabara ya Atlantiki, iliyofunguliwa mwaka 1989, huruka kutoka kisiwa hadi kisiwa juu ya madaraja manane katika masafa ya kilomita nane hivi. Mwenye baiskeli huko huenda na chupa ya maji na koti la mvua, na njia ikikatwa na maji hupanda feri. Siwahusudu, kwani hori yao kubwa, Sognefjord, ina kina cha mita 1,300 hivi, nasi ziwa letu linaipita. Walakini tofauti iliyonishughulisha si ya maji bali ya baiskeli zenyewe, maana huko baiskeli hubeba mtu, na huku kwetu mtu ni sehemu ndogo tu ya shehena.

Mpanda, nilikoanzia safari, ni mji wa madini. Reli ya kutoka Kaliua, yenye kilomita 210, ililazwa hadi hapa kwa ajili ya mgodi wa risasi mnamo mwaka 1950, na ijapokuwa mgodi ule ulikwisha kufungwa zamani, mji ulibaki na watu wakabaki. Fundi aliyenikagulia baiskeli, Phoenix nyeusi yenye fremu nzito ya chuma, alikuwa ameketi chini ya mwembe, vyombo vyake vimetandazwa juu ya gunia. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa tandiko na usukani, akalizungusha gurudumu la nyuma huku ukucha wa kidole gumba ameuweka karibu kabisa na rimu. Pale ambapo rimu iliupapasa ukucha, alilegeza spoki ya upande huo akaikaza ya upande wa pili, robo ya mzunguko, si zaidi, kisha akazungusha tena, mpaka ukucha ukawa hauna la kulalamikia. Nilimwomba autie mnyororo mafuta kwa ukarimu, akakataa. "Mafuta mengi hayafai huko uendako, mzee," alisema, "yatashika vumbi, na vumbi likishikana na mafuta ni msasa. Utafika Karema meno yameliwa."

Njia ya Kigoma hukutoa mjini kwa upole, na ukifika Kagwira hugawanyika: wa kwenda Uvinza wakaendelea na safari yao, wa kwenda ziwani wakakunja kushoto. Kuanzia hapo ni msitu wa miombo, mininga na mitundu, ambao kiangazi huuvua majani ukabaki na rangi ya shaba, na ndani yake mna mizinga ya nyuki iliyotundikwa matawini na mbung'o wasio na adabu, ambao nimegundua kwamba humfuata mwenye baiskeli kwenye kilima, pale anapokwenda pole, na kumwacha kwenye tambarare. Malori yakipita, busara ni kusimama kando, kufumba macho na kungoja dunia irudi.

Hapo ndipo aliponikuta kijana mmoja mfanyabiashara, naye amefunga gunia la unga kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, juu ya gunia kuna madumu mawili matupu na blanketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Safari ya wapi?"

"Ikola, kufuata dagaa. Nawe mzee wafuata nini?"

"Nafuata ziwa."

Alinitazama, akaitazama keria yangu iliyobeba mfuko mmoja wa nguo, akasema kwa heshima zote, "Ziwa halihami, mzee. Dagaa ndio wanaohama."

Tukafuatana, na katika kufuatana huko nikapata elimu ambayo vitabu vya safari za Ulaya havina. Alinionyesha kwamba mzigo mzito hufungwa chini na mwepesi juu, ili baiskeli isiwe na kichwa kikubwa. Kwamba kwenye kilima mtu hushuka mapema, kabla ya kuishiwa pumzi, akasukuma kwa mkono mmoja usukanini na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya tandiko. Na la ajabu zaidi, kwamba kwenye mteremko mkali pia hushuka. Mimi nilidhani mteremko ni malipo ya kilima. Yeye aliona ni deni, kwa maana breki za mpira haziwezi kilo mia zinazosukuma kutoka nyuma, na rafiki yake mmoja, alinieleza, alivunjika mguu kwa sababu ya kufurahia. Almuradi njia ile ile, ambayo kwangu ilikuwa mandhari, kwake ilikuwa hesabu, na kila jiwe lilikuwa na bei.

Tulilala katika vijiji vya upande wa Kasekese, nchi ya Wabende, ambako siku hizi wamehamia pia Wasukuma wengi na ng'ombe wao na majaruba ya mpunga; tukapewa ugali na maharage na mkeka barazani, na mwenyeji akakataa fedha.

Asubuhi yake nilimsimulia mwenzangu habari ya tembo wa mfalme. Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akitafuta namna ya kufika ziwani bila ya kuwategemea wapagazi, aliwaleta tembo wanne kutoka Bara Hindi mwaka 1879, wakateremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakaongozwa bara kuja Karema, ambako mwaka huo huo Kapteni Cambier, mtumishi wa jumuiya ya mfalme huyo, alikuwa amefungua kituo. Wengi wao walifia njiani, na kiongozi wao, Carter, akauawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe, ndani ya mkoa huu huu wa leo. Kijana alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sidhani kama mfalme aliulizwa: "Waliwaleta tembo Katavi?" Tukacheka mpaka tukasimama. Huenda hesabu ya Leopold haikuwa mbaya kwa karatasi. Mnyama hubeba kuliko mtu. Lakini mnyama hula, hunywa, huugua, na akifa mzigo hubaki porini, ilhali baiskeli ikitoboka hudai kiraka, gundi na kivuli cha dakika chache.

Ziwa hujitokeza ghafla, baada ya nchi kukatika kuelekea bonde lake, nalo liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, chini kwa mamia ya mita kuliko Mpanda, na siku ikiwa safi milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama imechorwa. Nilishuka kwa miguu, kwa kutii nasaha. Huko Ikola dagaa walikuwa wameanikwa juu ya vichanja na mchangani, wanawake wakiwageuza kwa mafagio, na harufu yake ikafika kabla ya salamu. Bei ilikuwa juu. Wavuvi walisema samaki wamepungua, na si siri, kwa kuwa mwaka 2024 nchi za ziwa zilisimamisha uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kijana alibishana kwa taratibu, akauza unga wake, akaamua kujaribu Karema.

Karema ndipo penye historia nzito ya pwani hii. Ngome ya Wabelgiji ilikabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na miaka minne baadaye akafika hapo Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Timbuktu, aliyetekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na mapadre hao, akasomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu wa ufuko huu hadi alipofariki mwaka 1956. Katika wote waliofika Karema kutoka mbali, na walikuwa wengi wenye bendera na bunduki, huyu tu ndiye niliyetaka kuamkia kaburi lake, nikaamkia.

Bandari mpya imejengwa hapo, ya kungoja shehena ya Kongo, katika ziwa ambalo Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na kuopolewa baadaye, ililisafiri tangu 1927 ikitia nanga hapa na pale. Kijana hakuitazama sana. Alikuwa amepata magunia mawili ya dagaa kwa bei ya kuridhisha, akayapima kwa mikono, akaipima baiskeli yake kwa macho, kisha akageuka kuitazama keria yangu na mfuko wangu mmoja wa nguo.

"Mzee," alisema, "ziwa umekwisha kuliona. Nusu gunia?"

Nikakubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayelifunga, na kwamba katika kilima cha kwanza atatangulia.